Meza Iliyobeba Ukuta

Fuko alikuwa na kanuni moja, na aliishika tangu ujana wake mpaka mvi zikamwota masikioni: fundi haelezi kazi. Ukimuuliza kwa nini anachimba hapa na si pale, atakutazama kana kwamba umemuuliza kwa nini ana pua. "Tazama," atasema. Ukirudia swali, atasema, "Tazama vizuri." Ukirudia tena hasemi kitu, anachukua sururu yake na kurudi shimoni.

Kanuni hiyo aliirithi kwa fundi aliyemfunza, mzee mkali aliyempa kila kitu kwa macho na hakumpa hata kimoja kwa mdomo. Fuko alijifunza, hilo ni kweli. Lakini mtu aliyejua kuogelea kwa sababu alisukumwa majini hapaswi kusema kwamba hiyo ndiyo njia njema ya kufundisha. Anapaswa kushukuru kwamba hakuzama. Fuko hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Aliona kimya ni heshima ya kazi, na watu walipomsifu kuwa ni fundi asiye na maneno mengi, sifa ile ilimnenepesha kichwa bila yeye kujua.

Kazi yenyewe haikuwa ya kujenga. Mafundi wenzake walipanda juu na kamba zao na timazi zao, wapita njia wakawaona na kuwashangilia. Yeye alishuka chini, akaonekana kisogo tu, ndiyo maana wakamwita Fuko. Aliitwa kwenye nyumba za zamani za matofali ya kuchoma zilizoanza kukaa upande, nyumba ambazo milango yake imegoma kufungwa na sakafu zake zinaviringisha mpira ambao hakuna aliyeupiga. Alifukua chini ya msingi uliochoka, kipande kwa kipande, akauwekea msingi mwingine chini yake, nyumba ikiwa imesimama vilevile na paa lake na mapazia yake. Ni kama kumvalisha mtu viatu huku anatembea.

Na aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mdomo ulikuwa umefungwa lakini moyo ulikuwa unacheza ngoma. Kuna wakati katika kazi ile ambapo ukuta mzee, baada ya kuning'inia kwa siku kadhaa kwa huruma ya majirani zake, unakanyaga mguu mpya kwa mara ya kwanza. Husikii kitu. Lakini Fuko akiweka kiganja juu ya tofali alijua, na mwili ulimsisimka kutoka unyayoni hadi utosini. Hakumwambia mtu hilo pia.

Basi ikatokea kwamba nyumba iliyougua ikawa ya mama mkwe wake.

Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali mekundu, yenye ukuta mmoja wa pembeni uliopanda mpaka kwenye kilele cha paa. Kwenye ukuta huo palikuwa na ufa. Ulianzia kona ya dirisha ukapanda kwa ngazi, tofali hadi tofali, mpaka chini ya paa. Shemeji yake Fuko, mdogo wa mke wake, alikuwa ameuziba mara nyingi kwa lipu. Shemeji huyu alikuwa kinyozi, na kwa kuwa mdomo wake haukuzimika tangu asubuhi alipofungua kibanda hadi jioni alipokifunga, wateja walimwita Redio.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," Redio alisema, akimwonyesha Fuko kazi yake. "Mimi nimeziba. Nikaziba tena. Huu ufa una kiburi, shemeji, nakwambia. Unasubiri nigeuke nyuma."

Fuko alichuchumaa kwenye kona, akachomeka chuma ardhini. Chuma kikazama kama kisu kwenye uji. Akanusa udongo. Akafukua kidogo, akalikuta bomba la maji machafu kutoka bafuni limepasuka, na kwa miaka mingi lilikuwa likiunywesha msingi kimyakimya. Ufa ule haukuwa ugonjwa, ulikuwa kelele za mgonjwa tu, na Redio alikuwa akimziba mdomo.

"Vipi, mkwe?" mama mkwe aliuliza kutoka dirishani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. "Nyumba itapona au nianze kuiaga?"

"Itapona, mama."

"Kwa kufanya nini?"

"Utaona."

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Mwanangu, miaka yote hii unaishi na mtu huyu, mnazungumzaga kweli?"

"Nazungumza mimi," mke wa Fuko alijibu. "Yeye anatazama."

Walicheka wote, na Fuko naye akatabasamu. Hakuona kwamba ameambiwa jambo zito. Watu wengi huambiwa ukweli kwa mzaha, wakauchukua mzaha na kuuacha ukweli.

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika, na ukuta ule usingestahimili masika mengine. Redio akafunga kibanda chake, mke wa Fuko akaomba ruhusa kazini, na nyumba ikajaa shamrashamra. Bomba likabadilishwa kwanza. Miti mirefu ikaegemezwa kwenye ukuta kwa nje ili kuutia moyo. Kisha Fuko akasema chumba cha ndani ya ukuta huo, ambacho ndicho kilikuwa chumba cha kulia, kitolewe kila kitu.

"Kila kitu kitatoka," mama mkwe alisema, "ila meza."

Hiyo haikuwa jeuri. Meza ile haikuweza kutoka. Marehemu mumewe, seremala, aliitengeneza humohumo chumbani, kwa mti mgumu unaopinda misumari, na alipoimaliza ikaonekana ni pana kuliko mlango na nene kuliko dirisha. Alichekwa mpaka kaburini: seremala asiyepima mlango. Naye aliwajibu siku zote kwamba alipima vizuri sana, hakutaka tu itoke. Miguu yake minne ilikuwa minene kama paja la mtu mzima. Familia yote, watoto na wajukuu na wakwe, iliweza kuizunguka bila kiwiko kugusa kiwiko.

"Ibaki," Fuko alisema. Wakaisukuma hadi upande wa pili, karibu na mlango.

Kisha akachukua vipande vyembamba vya kioo, akavibandika kwa saruji juu ya ufa ule kwa ndani, ncha moja huku na ncha nyingine kule. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hukatika. Ndiyo kengele ya kazi hiyo. Mama mkwe alivitazama, akainamisha kichwa.

"Ni mapambo?"

"Usiviguse, mama."

Hakuvigusa. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa usafi, kila asubuhi alivipuliza vumbi.

Nje, Fuko aliugawa ukuta kwa mistari ya chaki vipande sita. Akafungua shimo la kwanza penye kona. Akashuka mpaka chini ya msingi wa zamani, akaingia chini yake kwa magoti, akafukua mpaka alipokutana na udongo mgumu mkavu ambao sururu iliugonga ukaitika. Redio alikuwa juu, akivuta ndoo na kutangaza kama yuko uwanjani.

"Fuko anaingia! Fuko ametoweka! Wapenzi wasikilizaji, tunachokiona sasa ni nyayo tu! Ndoo inapanda, ndoo imepanda, ndoo imemmwagikia mtangazaji!"

Majirani walikuja kuchungulia, mke wa Fuko akichanganya zege kwa koleo huku kanga yake imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Walipomwaga zege shimoni walipiga vigelegele. Likakauka, wakashindilia saruji kavu kavu katika nafasi iliyobaki kati ya zege jipya na msingi mzee, na Fuko akaweka kiganja chake ukutani. Akasisimka. Akanyamaza.

Baada ya hapo akaruka vipande viwili vya chaki, akafungua shimo la nne.

"Mbona umeruka?" Redio aliuliza.

"Tazama."

Redio alitazama. Aliona vipande viwili vimeachwa upande huu na viwili upande ule, na hakuona sababu. Mke wa Fuko naye alitazama, asione. Sababu haikuwa imeandikwa ukutani. Ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo alidhani kila mwenye macho anaisoma.

Shimo la nne lilipokuwa tayari kupokea zege, uliletwa mchanga uliojaa udongo. Fuko aliufikicha mkononi, akakunja uso. Hakuwa mtu wa kupokea kitu kibaya akasema Mungu atasaidia. Akapanda kwenye lori lilelile lililouleta ili akachague mchanga mwenyewe. Zege la shimo la kwanza lilikuwa bado changa, kwa hiyo kabla hajaondoka alitoa agizo lake lote.

"Msiguse zege."

Sasa, wale walioachwa hawakuwa wavivu wala wajeuri. Laiti wangekuwa wavivu! Walikuwa watu wenye furaha, wenye mikono iliyokwisha kuonja kazi, na waliompenda. Walimwona Fuko ana magoti yaliyovimba. Walimwona akitazama mawingu. Wakaambizana kwamba ameruka vipande vile kwa sababu anachoka, na hataki kusema kwa sababu hasemi kitu kamwe. Wakaamua kumfanyia jambo la kumfurahisha.

Fuko aliporudi na mchanga safi alisikia nyimbo kabla hajafika uani. Redio alikuwa ametapakaa tope mpaka kope. Mke wa Fuko alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, anacheka.

"Karibu, fundi!" Redio alipaza sauti, akitanua mikono. "Karibu uone wanafunzi wako! Wapenzi wasikilizaji, Fuko amezaa mafuko!"

Walikuwa wamechimba shimo la tatu. Na walikuwa wamechimba la tano. Yale mawili yaliyopakana na la nne, moja huku na moja kule, na kwa bidii ya ajabu walikuwa wameingia mpaka chini ya msingi, kina cha paja, safi kabisa, kama walivyomwona yeye akifanya. Walikuwa wametazama vizuri. Katikati ya ukuta ule mkubwa, uliobeba paa, sasa palikuwa na uwazi mmoja mrefu. Matofali yalikuwa yameshikana mabega tu hewani, yakisubiri la kwanza kati yao lichoke.

Fuko aliuacha mchanga wake, akakimbilia ukingo wa shimo. Na hapo dirisha likafunguliwa, mama mkwe akatoa kichwa.

"Mkwe, kile kioo chako kimekatika. Sijakigusa, haki ya Mungu. Nilikuwa nakipuliza tu vumbi, kikalia ta! Na cha juu yake pia."

Fuko akapiga kelele. Hakuna mtu wa familia ile aliyewahi kumsikia akipiga kelele.

"Toka nje, mama! Toka sasa hivi! Na wewe mke wangu, toka shimoni!"

"Kwa nini?" mama mkwe aliuliza.

Mama yule alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa ni nyumba yake na ni roho yake. Fuko alimtazama, akatazama shimo, na ile kanuni ya miaka yote ikaanguka kutoka mdomoni mwake kama jino bovu.

"Kwa sababu huwezi kufungua shimo kando ya shimo! Ukuta hubebwa na vipande ambavyo hujachimba. Ukichimba kimoja, majirani zake wawili wanakibebea mzigo. Ndiyo maana naruka! Sasa hapa hakuna jirani. Kimebaki kipande cha pili na cha sita, na cha pili kimekaa kwenye udongo ulionyweshwa maji. Kioo kikikatika ukuta umeshaanza kushuka. Toka, mama, nakuomba!"

Mama mkwe alitoka. Alipita mlango wa mbele bila viatu, akazunguka mpaka uani, akasimama kando ya mwanawe. Redio alikuwa amekauka kama samaki. "Turudishe udongo," alinong'ona. "Shemeji, turudishe upesi."

"Udongo ukishachimbwa haubebi. Ni kama kurudishia jino lililong'olewa." Fuko alikuwa tayari ameshuka shimoni, anagusa chini ya msingi kwa vidole. Mchanga ulikuwa ukimdondokea mkononi. "Nahitaji nguzo. Fupi, ngumu. Nne. Kama paja langu kwa urefu."

"Hii miti iliyoegemea ukuta?"

"Ukiiondoa hiyo tumekwisha. Na hayo matofali ya akiba yamelika, yatasagika. Mti mgumu! Hamna mti mgumu nyumba hii?"

Walitazamana. Kisha wote wakaligeukia dirisha la chumba cha kulia. Ukuta ukatoa sauti ndogo juu kule, mlio wa chokaa kuukuu inayosagika.

"Miguu ya meza," mama mkwe alisema.

"Mama," binti yake alianza.

"Msumeno uko wapi? Kateni."

"Mama, meza ya baba!"

"Baba yenu alikuwa seremala, hakuwa mjinga. Angekuwa ameshamaliza mguu wa kwanza wakati wewe unalia. Kateni!"

Redio akakimbilia ndani na msumeno, dada yake nyuma yake. Meza ilikuwa karibu na mlango, mbali na ukuta ule, nao wakaipindua juu chini kama kobe. Mti ulikuwa mgumu kweli. Msumeno ulilia, ukapata moto, ukalia tena. Mama mkwe alisimama mlangoni, akihesabu mipigo kwa sauti kama anayemsukuma mtu mlimani. "Vuta! Sukuma! Vuta! Usipumzike, mwanangu, utapumzika ukiwa mzee kama mimi!" Mguu wa kwanza ukaanguka sakafuni kwa kishindo, na Redio akatoka nao mbio ameukumbatia kama mtoto, dada yake nyuma na vipande na kabari walivyokata kwenye ubao wa meza.

Fuko aliusimamisha kwenye shimo la tatu. Akaweka kipande cha ubao wa meza chini ya mguu, kipande kingine juu yake, na katikati akapachika kabari mbili zilizotazamana. Akaanza kuzipiga nyundo.

"Shemeji, shika hapa. Usishike kwa nguvu, usiusukume, uweke wima tu. Napiga kabari taratibu ili mti upokee mzigo kidogo kidogo. Nikipiga kwa hasira nitaupasua ukuta. Sikiliza sauti. Sasa hivi inalia kama ngoma, maana yake mti haujabeba kitu. Sikiliza... bado... bado... hapo! Imekuwa kavu! Umebeba!"

"Umebeba!" Redio akapiga kelele, machozi yakimtoka.

"Lete wa pili!"

Wa pili ukaja. Tofali moja likachomoka kwenye msingi likampitia Fuko begani, likachubua ngozi, hakugeuka kulitazama. Wa tatu ukaja, ameubeba mke wake mwenyewe, ambaye alishuka nao shimoni ingawa alikatazwa, na Fuko hakuwa na wakati wa kumkataza tena. Alikuwa anaongea tu. Aliongea kabari ni nini, mzigo unapita wapi, kwa nini ubao wa chini uwe mpana kuliko wa juu. Maneno ya nusu maisha yalikuwa yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Walipoupiga wa nne, ile sauti kavu ikaja mara ya mwisho, na mchanga uliokuwa ukidondoka ukaacha.

Fuko akatoka, akaingia chumbani peke yake, akabandika kioo kipya juu ya ufa. Ukuta ulikuwa umeshuka, na ufa ulikuwa umepanuka hata kidole kikaingia. Wote wakakaa uani na tope lao, wakanywa chai, wakisubiri bila kupepesa jicho. Alikwenda kukitazama kioo, akarudi. Alikwenda tena, akarudi.

"Kizima," alisema.

Wakaruka juu. Mke wake akamkumbatia na tope lote, mama mkwe akapiga kigelegele ambacho mtaa mzima ulikisikia. Redio peke yake alibaki amekaa, ameinamisha kichwa.

"Leo redio imezimwa," dada yake alisema.

"Shemeji," Redio alisema polepole, "ulituambia tusiguse zege. Hatukuligusa."

"Najua."

"Ungesema tu. Neno moja. Nani angechimba?"

Fuko alitazama mikono yake. Angeweza kusema kwamba walifanya bila ruhusa, na angekuwa na nusu ya haki. Hakuichukua ile nusu. "Hakuna," alisema. "Ilikuwa juu yangu kusema."

Kazi ikaendelea, na ikawa kazi nyingine kabisa. Walijaza mashimo moja moja. Fuko alieleza kwa nini huachwa nafasi juu ya zege, kwa sababu zege hunywea likikauka, na kwa nini saruji ya kushindilia iwe na maji kidogo tu, kiasi cha kushikana mkononi bila kulowesha kiganja. Redio alishindilia kwa ustadi kiasi kwamba Fuko alimwachia shimo la mwisho lote. Watu waliokuja kunyolewa kibandani baadaye walifundishwa kufufua misingi, watake wasitake. Na ukuta ulipokanyaga mguu wake wa mwisho, Fuko aliwaita wote, akawawekea viganja vyao juu ya matofali, mmoja mmoja.

"Mnasikia?"

"Nasikia!" mama mkwe alisema, macho yamemtoka. "Mkwe, nasikia! Muda wote huu ulikuwa unakula utamu huu peke yako?"

Mvua zikaja, zikanyesha zikachoka. Kioo hakikukatika.

Miguu ya meza ilitolewa chini ya ukuta kabla ya zege kumwagwa, mmoja baada ya mwingine, mingine ikiendelea kubeba. Ilikuwa imepasuka kwa urefu, na ubao wa meza ulikuwa umekatwa vipande na kabari. Hakuna seremala aliyeweza kuiunga. Chumba cha kulia kikabaki na sakafu iliyo sawa, ukuta ulionyooka, na familia iliyokula sahani zikiwa magotini, wengine chumbani, wengine barazani, wengine jikoni.

Kanuni ya Fuko iligharimu meza hiyo. Ilikuwa meza pekee ambayo familia yote iliweza kuizunguka pamoja, na haijapatikana nyingine.